Kupanga bodi ya ESP32 kwa kibanda cha kuchajia betri za taa za dagaa Kigoma

Mbalamwezi ikishakuwa kubwa dagaa hawafuati taa, na mitumbwi mingi ya Kibirizi na Katonga hupumzika. Betri zinabaki nchi kavu, zimepangwa ukutani kwenye vibanda vya kuchajia, na kila mwenye mtumbwi anayepita anauliza lile lile: "Fundi, yangu imejaa?" Mwongozo huu ni wa fundi anayetaka kujenga kifaa kidogo cha kumjibu. Kifaa kinapima volti za betri mbili, kinazionyesha kwenye kioo, na kinakata paneli ya sola betri ikijaa.

Sitaanza na programu. Programu za kupima volti zimejaa mtandaoni na fundi yeyote mwenye simu atazipata. Kinachowakwamisha watu ni mpangilio wa bodi na moduli zake: jampa ipi (kile kipande kidogo kinachounganisha pini mbili) itoke, pedi ipi iwekwe tone la risasi ya kulehemu, pini ipi isiguswe kabisa. Katika kila uamuzi ulio hapa chini nimetumia kipimo kimoja: je, nini kitatokea programu ikiwa bado haijaanza, au imeganda, au waya umechomoka? Paneli iliyo juani haisubiri programu yako iamke.

Vifaa ni hivi: bodi ya ESP32 ya pini 30, yaani kompyuta ndogo itakayoendesha programu yako, moduli ya kushusha umeme ya LM2596, moduli ya kupima volti ya ADS1115, kioo cha LCD cha herufi 16 kwa mistari 2 chenye kibodi (bodi ndogo) cha I2C, njia ya mawasiliano ya waya mbili, mgongoni, saa ya DS3231, moduli ya relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) mbili za 5V, kibadilisha volti cha njia nne, rezista, fyuzi na mita. Mita ni lazima. Kama huna, nunua hiyo kwanza kabla ya bodi, kwa sababu bodi ikiungua Kigoma mara nyingi unaanza kusubiri kifurushi kutoka Kariakoo.

Hatua ya 1: Soma bodi iliyo mkononi mwako

Bodi mbili zinazoitwa ESP32 zinaweza kutofautiana kwa mambo ya msingi. Angalia maandishi kwenye kifuniko cha bati: WROOM-32 na WROVER si kitu kimoja. Kwenye WROVER pini 16 na 17 zimeshachukuliwa na kumbukumbu ya ziada ya ndani, kwa hiyo ukifuata mchoro wa WROOM utashangaa kwa nini hazikutii.

Kisha hesabu pini. Bodi ya pini 38 imetoa nje GPIO (pini za kupokea na kutoa ishara) namba 6 hadi 11, mara nyingi zikiwa na majina kama CLK, CMD na SD0. Hizo ndizo njia ambazo chipu inazitumia kusomea programu yake yenyewe. Usiunganishe kitu hapo. Bodi ya pini 30 imezificha, na kwa anayeanza mimi napendelea hiyo.

Tazama pia chipu ndogo iliyo karibu na tundu la USB. Ni CP2102 au CH340, na jina hilo ndilo linalokuambia kompyuta yako inahitaji dereva gani, yaani programu ya kuitambua bodi. Bodi isipoonekana kwenye kompyuta, badilisha kebo kabla ya kulaumu dereva, maana kebo nyingi za kuchajia simu hazina waya za data ndani.

Hatua ya 2: Umeme wa kuingia

Ubavuni mwa bodi kuna pini ya VIN, na kuna watu wanaichomeka moja kwa moja kwenye betri ya volti 12. Bodi itawaka. Lakini kile kidhibiti kidogo cha AMS1117 kinachotengeneza 3.3V kinateketeza tofauti yote kama joto. Piga hesabu: kutoka 12 hadi 3.3 kuna volti 8.7, na bodi ikitumia ampea 0.15 tayari ni wati 1.3 kwenye kipande kidogo kuliko punje ya mahindi. Betri ikiwa kwenye chaji inapanda hadi 14.4, hapo joto linazidi. Ndiyo maana tunaweka LM2596 katikati.

LM2596 inapangwa kabla haijaunganishwa na kitu kingine chochote. Iunganishe na betri upande wa kuingilia, weka mita upande wa kutokea, kisha zungusha skrubu ndogo ya shaba iliyo juu ya kile kisanduku cha bluu. Skrubu hiyo ina mizunguko mingi, na mara nyingi mizunguko ya mwanzo haibadilishi namba hata kidogo. Usiilazimishe wala usidhani imekufa. Endelea taratibu hadi mita isome 5.0 au 5.1, halafu dondoshea skrubu rangi ya kucha ili mtetemo usiisogeze. Moduli hizi huja zimewekwa volti yoyote ile, hata 12, kwa hiyo anayeichomeka kwenye bodi bila kupima anacheza bahati nasibu.

Mambo mawili yakae kwenye waya wa chanya kabla ya LM2596. La kwanza ni fyuzi ya ampea 1, karibu kabisa na betri, kwa sababu shoti kwenye betri ya asidi inawasha waya moto. La pili ni dayodi ya 1N4007 ikielekea kwenye kifaa. Klipu za betri zinageuzwa kila siku kwenye vibanda, hasa jioni watu wakiwa na haraka, na dayodi hiyo ya bei ndogo ndiyo itakayookoa vingine vyote.

Unapotaka kuingiza programu kwa USB, chomoa kwanza waya wa 5V kwenye VIN. Bodi nyingine zina dayodi ya kuzuia umeme usirudi kwenye kompyuta, nyingine hazina.

Hatua ya 3: Pini zinazosomwa wakati wa kuamka

Hapa ndipo fundi mzuri wa redio anapokwama, kwa sababu kosa halionekani kwa macho. ESP32 inapopewa umeme, au unapobonyeza kitufe cha EN (cha kuiwasha upya), kabla ya mstari wa kwanza wa programu yako inaangalia hali ya pini tano: GPIO 0, 2, 5, 12 na 15. Kile inachokikuta hapo, volti ipo au haipo, ndicho kinachoamua itaamka vipi.

GPIO 0 ikiwa chini, yaani imeunganishwa na GND (hasi ya bodi), bodi haiendeshi programu. Inakaa kusubiri ipakiwe programu mpya. Kitufe cha BOOT hakifanyi kingine zaidi ya kuishusha pini hiyo. Sasa fikiria umeiunganisha na swichi ya kifaa chako, na umeme ukakatika wakati swichi imebonyezwa: kifaa kitarudi kikiwa kimya, hakuna kioo wala kipimo, na mtu wa kibanda atakupigia simu usiku.

GPIO 2 inatakiwa iwe chini au iachwe huru wakati wa kupakia programu. Bodi nyingi za pini 30 zina taa ya bluu kwenye pini hiyo na haina shida, lakini usiongeze rezista ya kuivuta juu.

GPIO 12 ndiyo yenye balaa. Ikikutwa juu wakati wa kuamka, chipu inaamini kwamba kumbukumbu yake inatumia volti 1.8 badala ya 3.3, inaishushia umeme, na kumbukumbu haisomeki tena. Kwenye skrini ya kompyuta utaona "flash read err" ikijirudia bila kukoma. Bodi haijaungua. Chomoa kilichounganishwa kwenye pini 12, bonyeza EN, itaamka kama kawaida. Moduli ya relei ndiyo mkosaji wa mara kwa mara hapa, kwa sababu mlango wake wa IN unavutwa juu na moduli yenyewe. Ipo amri ya kuchoma fyuzi ya ndani ya chipu ili isiangalie tena pini 12, lakini haina kurudi nyuma, na kwa kazi hii haina maana wakati pini nyingine zipo.

GPIO 5 na 15 hazileti hatari kubwa, ila zinaweza kutoa mapigo ya umeme wakati wa kuamka. Kwa taa ni kumetameta tu. Kwa relei inayobeba umeme wa paneli ni mlio wa kubofya kila bodi inapowaka, na sipendi relei yangu ifanye kazi ambayo sijaiagiza.

Pini 34, 35, 36 na 39 zinapokea tu, haziwezi kutoa umeme, wala hazina rezista za ndani za kuvuta juu au chini. Ukiweka kitufe kwenye 34 bila rezista ya nje ya 10k (ohm elfu kumi), itasoma upepo.

Kwa hiyo tunagawa hivi: waya mbili za I2C, SDA kwenye GPIO 21 na SCL kwenye 22, relei kwenye 26 na 27, na 33 tunaiacha kwa jampa yetu wenyewe, ambayo nitaieleza mwishoni. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoulizwa wakati wa kuamka.

Hatua ya 4: Volti 3.3 na volti 5 zisikutane

ESP32 inaongea kwa 3.3V na pini zake hazijatengenezwa kubeba 5V. Kioo cha LCD kinataka 5V, la sivyo maandishi yanafifia hadi uinamie kuyatafuta. Vyote viwili viko kwenye njia moja ya I2C, waya mbili tu za SDA na SCL.

Tatizo limejificha kwenye kile kibodi cheusi kilicho mgongoni mwa kioo. Kina rezista mbili ndogo zilizoandikwa 472, maana yake 4.7k, na kazi yake ni kuvuta SDA na SCL hadi kwenye umeme wa moduli hiyo. Ukiipa 5V, waya zote mbili zinakaa kwenye 5V muda wote, na 5V hiyo inaingia moja kwa moja kwenye pini za ESP32. Kuna bodi zimefanya kazi hivyo kwa muda mrefu. Zipo pia zilizokufa pini ya 21 kimya kimya, na fundi akabaki anabadilisha programu.

Una njia mbili. Unaweza kuzitoa hizo rezista mbili kwa chuma cha kulehemu na kuacha zile za moduli nyingine zivute hadi 3.3V. Inafanya kazi mezani, ila chipu ya PCF8574 iliyo kwenye kibodi, ikipewa 5V, inataka angalau 3.5V ili ikubali kwamba mstari uko juu. Wewe unaipa 3.3. Inaelewa kwa bahati, na joto au waya mrefu ukiongezeka herufi zinaanza kuharibika. Mimi nachagua njia ya pili: kibadilisha volti, ile moduli ndogo yenye upande wa LV na upande wa HV. LV iende kwenye 3.3V pamoja na SDA na SCL za ESP32, HV iende kwenye 5V pamoja na zile za kioo, na GND ziunganishwe zote. Ina rezista zake pande zote mbili, kwa hiyo huhitaji kugusa kitu kingine.

ADS1115 na DS3231 zipe 3.3V. Zote zinakubali, na rezista zao zitavuta hadi kwenye volti sahihi.

Kabla ya kuchomeka ESP32, fanya kipimo hiki. Moduli zote ziwe zimeunganishwa na zina umeme, ila soketi ya ESP32 iwe tupu na 3.3V itoke kwenye chanzo kingine, hata bodi nyingine ya zamani. Weka mita ya volti kati ya GND na tundu la SDA, kisha GND na tundu la SCL. Namba inatakiwa iwe karibu na 3.3. Ukisoma 5, au 4.2, kuna moduli inavuta juu kupita kiasi. Chomoa moja moja hadi uipate. Kipimo hiki kinachukua dakika chache na bodi haimo hatarini hata kidogo.

Hatua ya 5: Anwani

Kila kifaa kwenye I2C kina namba yake, na namba hiyo inapangwa kwa pini au kwa pedi za risasi.

Kwenye kioo, tafuta pedi A0, A1 na A2. Zote zikiwa wazi, kibodi chenye chipu ya PCF8574 kinaitika kwa 0x27, na chenye PCF8574A kinaitika kwa 0x3F. Soma chipu kwa kioo cha kukuzia, herufi hiyo moja ya mwisho ndiyo inayopoteza watu siku nzima. Ukiweka tone la risasi kwenye A0 namba inashuka kwa moja, 0x27 inakuwa 0x26. Hapa tuna kioo kimoja, acha kama kilivyo.

ADS1115 inapangwa kwa kuunganisha pini yake ya ADDR. Ikienda GND ni 0x48, ikienda VDD ni 0x49, SDA ni 0x4A, SCL ni 0x4B. Chipu moja ina milango minne, kwa hiyo kibanda kikikua hadi betri nane, unaongeza moduli ya pili na ADDR yake kwenye VDD. Moduli nyingi zina rezista inayoishusha ADDR hata usipoiunganisha, lakini waya mmoja kwenda GND haugharimu chochote na unamaliza ubishi.

DS3231 iko 0x68 na haibadiliki. Pedi za A0 hadi A2 unazoziona kwenye moduli hiyo ni za chipu ya kumbukumbu iliyo jirani yake, ambayo yenyewe iko 0x57. Usipoteze risasi yako kutaka kuihamisha saa.

Ukiendesha programu ndogo ya kutafuta anwani, majibu sahihi ni 0x27, 0x48, 0x57 na 0x68. Ikikosekana moja, ni waya. Zikikosekana zote, SDA na SCL zimebadilishana, au GND moja haijafika.

Kuhusu betri ya saa: moduli nyingi za DS3231 zina sakiti ya kuchaji, yenye dayodi na rezista iliyoandikwa 201. Ukiipa moduli 5V na ukaweka kidonge cha CR2032, ambacho hakichajiki, sakiti hiyo inakisukumia volti zaidi ya 4 hadi kivimbe. Kwa kuwa tumeipa 3.3V, baada ya dayodi inabaki takriban 2.7 na hakuna kinachosukumwa. Bado ningeitoa rezista hiyo, ili fundi atakayekuja baada yako akihamisha waya asitengeneze tatizo.

Hatua ya 6: Kupima volti za betri

ESP32 ina kipimo chake cha ndani, lakini hakinyooki karibu na mwanzo na mwisho wa kiwango, na nusu ya milango yake haitumiki Wi-Fi ikiwa inafanya kazi. Kwa taa ya nyumbani kinatosha. Kwa betri, ambayo tofauti ya kujaa na nusu ni nusu volti tu, hakitoshi.

Betri ya volti 12 inaweza kufika 15, na ADS1115 haitakiwi kuona zaidi ya umeme wake yenyewe, yaani 3.3. Weka rezista ya 100k kutoka chanya ya betri hadi mlango wa A0 wa ADS1115, na 22k kutoka A0 hadi GND. Volti 15 zinakuwa 2.7. Rudia hivyo hivyo kwa betri ya pili kwenye A1. Kwenye programu chagua kiwango cha 4.096, ambacho kila hatua yake ni milivolti 0.125, kisha zidisha kwa 5.545.

Kwa nini 100k na sio 1k na ushee, kama michoro mingine? Rudi kwenye lile swali letu la mwanzo, nini kitatokea mambo yakiharibika. Kifaa kikizimwa huku betri bado imeunganishwa, umeme unaendelea kusukuma kwenye mlango wa chipu isiyo na umeme. Kwa 100k mkondo huo hauwezi kuzidi takriban miliampea 0.15, na chipu inauvumilia. Kwa 1k unakuwa mara mia zaidi, na chipu inakufa wakati umeenda kula.

Rezista za dukani hazilingani kabisa na maandishi yake. Pima betri kwa mita, linganisha na kioo, kisha rekebisha ile 5.545 hadi zikubaliane. Fanya kwa kila mlango peke yake. Na hasi za betri zote pamoja na GND ya kifaa lazima ziungane, la sivyo namba zitaelea.

Hatua ya 7: Relei

Moduli ya relei mbili ina jampa ya njano au nyeusi inayounganisha JD-VCC na VCC. Itoe. Sasa peleka VCC kwenye 3.3V na JD-VCC kwenye 5V ya LM2596, na GND iliyo kando ya JD-VCC kwenye GND. Kwa njia hiyo upande wa amri unaongea lugha ya ESP32, na upande wa koili (waya uliozungushwa unaovuta relei) unapata nguvu yake. Koili moja ya relei ya bluu ya 5V inakula takriban miliampea 70, mzigo ambao huwezi kuubebesha pini ya bodi.

Watu watakuambia kwamba kuitoa jampa hiyo kunatenganisha kabisa umeme wa pande mbili. Hapa haitenganishi, kwa sababu GND zetu ni moja. Tunaitoa kwa ajili ya volti tu. Moduli chache zinashindwa kuvuta vizuri kwa 3.3V, ukisikia relei inabofya kwa kusitasita, weka transista ya NPN katikati, usirudishe jampa. Ila kumbuka transista inageuza amri: relei sasa itavuta pini ikiwa juu, kwa hiyo rezista ya 10k ninayoitaja hapa chini nayo iende GND.

Relei hizi huvuta pini ya IN ikishuka chini. Weka rezista ya 10k kutoka GPIO 26 hadi 3.3V na nyingine kutoka 27, ili pini zikae juu, yaani relei imezimwa, tangu umeme unapoingia hadi programu inapoanza. Ndani ya programu, kuziweka juu pini hizo ziwe mistari ya kwanza kabisa ya kuanzia, kabla ya kioo na kabla ya Wi-Fi.

Halafu kuna NO na NC. Relei ina skrubu tatu: COM, NO na NC. COM na NC zimeunganika relei ikiwa imelala; COM na NO zinaungana ikiwa imevuta. Mafundi wengi wanachagua NC ili kuokoa umeme wa koili mchana kutwa. Mimi nasema NO. Paneli iende COM, betri iende NO. Kifaa kikifa, programu ikiganda baada ya bodi kujiwasha upya, fyuzi ikikatika, relei inalala na betri inaacha kuchajiwa. Mwenye mtumbwi atalalamika kwamba betri haikujaa. Kwa NC, kifaa kikifa betri itachemka juani hadi maji yaishe, na hapo hatalalamika, atadai nyingine.

Mguso wa relei hizi umeandikwa 10A 30VDC. Paneli moja ya wati 100 inatoa ampea 6 hivi, inatosha. Usiunganishe paneli mbili kwenye relei moja. Weka pia dayodi ya kuzuia umeme wa betri usirudi kwenye paneli usiku.

Programu ikate kwenye 14.4 na irudishe ikishuka 13.2. Pengo hilo lisipokuwepo relei itabofya kama kichaa jua likipita mawinguni. Na lile swali la "imejaa?" usilijibu betri ikiwa kwenye chaji, maana namba inadanganya. Programu ikate paneli kwanza, isubiri, ndipo isome. Kadiri unavyosubiri zaidi ndivyo jibu linavyokuwa la kweli: betri iliyotulia kwa saa kadhaa ikisoma 12.6 hadi 12.8 imejaa, 12.2 iko nusu, na ikiwa chini ya 11.9 isiende ziwani.

Hatua ya 8: Upande wa kompyuta

Hapa ni pafupi. Kwenye Arduino IDE chagua "ESP32 Dev Module", ukubwa wa kumbukumbu 4MB, mengine yaache. Bodi ikikataa kupokea programu, shikilia BOOT hadi upakiaji uanze. Ikiwa ni tabia yake ya kila siku, kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya EN na GND huiponya.

Ukiona "Brownout detector was triggered", bodi inakuambia umeme umezama. Wi-Fi ikiwaka inavuta mkondo mkubwa kwa kishindo, na waya mwembamba au LM2596 iliyowekwa mbali haifuati. Weka kapasita ya mikrofaradi 470 kwenye VIN na GND, fupisha waya. Mtandaoni utapewa mstari wa kuzima onyo hilo. Usiutumie. Unazima king'ora huku nyumba inaungua.

Hatua ya 9: Jampa yako mwenyewe

Mtu wa kibandani hana kompyuta, na hapaswi kuihitaji. Lakini kuna kitu kimoja atataka kukibadilisha. Ziwa likifungwa kwa mapumziko ya uvuvi, kama lilivyofungwa Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, betri zinakaa miezi mitatu bila kazi. Ukiziacha tupu zinajenga salfeti kwenye sahani na haziamki vizuri tena, ukizisukumia 14.4 kila siku zinakauka. Za kukaa muda mrefu zinataka 13.6.

Weka pini mbili za kusimama ndani ya kasha: moja GPIO 33, nyingine GND. Programu iwashe rezista ya ndani ya kuvuta juu kwenye 33 na isome mara moja inapoanza. Jampa ikiwepo pini inasoma chini, ikitolewa inasoma juu. Sasa amua ipi iwe ipi. Jampa hudondoka, hupotea, huazimwa na fundi wa simu. Kwa hiyo jampa ikiwepo iwe 14.4, chaji ya kazi; isipokuwepo iwe 13.6. Ikipotea, betri zitachelewa kujaa, basi.

Kioo kionyeshe namba hiyo kwa sekunde chache kila kifaa kinapowashwa, ili mwenye kibanda aone ni hali ipi bila kufungua kasha. Chini ya kifuniko bandika karatasi yenye anwani nne, pini zilizotumika, na neno "NO" kwa herufi kubwa, uifunike kwa selotepu pana maana unyevu wa ziwa unafuta wino. Atakayebadilisha moduli yoyote arudie kile kipimo cha mita kwenye SDA na SCL kabla ya kurudisha ESP32 kwenye soketi yake.